Sega Ndani ya Sufuria

4 Februari

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Mimi mzima, ila goti limeanza kiburi kila nikiinamia mizinga. Wewe je, ulifika salama? Na hiyo kazi ya kufua mashuka ya hoteli, mikono haijachubuka?

Zawadi yako ilinitoa machozi. Wenzako wanarudi na saa na viatu, wewe umeniletea sega zima la asali na fremu yake ya mbao! Miaka arobaini nafuga nyuki, asali nyeupe namna ile sijapata kuiona. Nimeila kwa kijiko kama mtoto. Ulisema nisimwambie mtu, na mdomo nimeufunga. Hata jirani yangu seremala hajui, na yule bwana unajua tunavyoambiana kila kitu mpaka rangi ya soksi. Nilipomaliza kula, nililiweka sega karibu na mizinga ili nyuki walambe yaliyobaki, kama nifanyavyo siku zote. Walilijaa, wangu na wa seremala kutoka upande wa pili wa ua. Fremu nimeitundika bandani niwe naitazama.

Baba yako, mla asali

19 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Hilo goti likande kwa maji ya moto, uache ubishi. Mimi sijambo, mikono imeshakuwa sugu.

Acha nikuchekeshe. Uwanja wa ndege, kwenye kaunta ya karantini, afisa aliniuliza, "Una mbegu, nyama, asali, chochote cha shambani?" Nikamkaushia uso: "Nguo na sufuria mpya tu, kaka." Akaigonga sufuria kwa kidole, akanitakia mapumziko mema. Na sega lilikuwa humo humo, limeviringishwa taulo! Lebo ya duka nilishaibandua kabla sijapanda ndege. Nilitoka pale nacheka peke yangu, watu wakanipisha.

Msalimie seremala. Mwambie kile kiti alichonitengenezea nikiwa darasa la kwanza bado nakikumbuka.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta na afya. Huku mwili mzima, moyo ndio hauko sawa.

Nyuki wamekwisha. Nilianza kusikia harufu, nikadhani ni panya kafia bandani. Kufungua mzinga, majana yote, yale makinda ya nyuki, yameoza ndani ya sega. Mkaguzi wa nyuki alikuja akachokoa tundu moja kwa njiti ya kiberiti, ikatoka na uzi mrefu wa kahawia kama kamasi. Akasema ugonjwa huu haukuwepo kwetu, kuna mtu kauleta. Akaniuliza ni nani. Nilimwambia seremala mwezi wa kwanza alinunua mizinga mikuukuu kutoka mbali. Na ni kweli alinunua.

Mizinga yote imechomwa, kumi na mmoja yangu na thelathini yake. Seremala amepigwa marufuku kutengeneza mizinga. Wewe usijali, fanya kazi.

Baba yako

27 Juni

Baba,

Shikamoo. Habari za huko? Nisamehe kwa kimya. Barua yako niliisomea kwenye chumba cha kufulia, nikakaa chini juu ya mashuka machafu mpaka msimamizi akaniuliza kama naumwa.

Nililirudia lile duka nilikonunua sega. Kila sega lina lebo yake: asali hii isiwekwe karibu na nyuki, yaweza kuwaambukiza ugonjwa. Lebo ya sega lako niliibandua kwa kucha zangu mwenyewe. Baba, si mizinga mikuukuu. Ni mimi. Roho inanisuta kila nikiamka. Yule afisa aliniuliza vizuri kabisa, kwa adabu, nami nikamfanya mjinga.

Tafadhali mwambie seremala. Mwambie leo. Anabeba mzigo wangu.

Mwanao mkosaji

15 Julai

Mwanangu,

Nimeipata barua yako. Mimi nakula, nalala, basi.

Nilijua. Tangu mkaguzi aliponiuliza, nilijua. Wakati anavua wavu wake usoni, niliiondoa fremu yako ukutani nikaitia jikoni kwenye moto. Kisha nikatoka nikaonyesha kidole ng'ambo ya ua. Niliogopa wakilijua jina lako, siku ukirudi watakukamata pale pale kaunta. Nina mtoto mmoja tu.

Watu walimsusa. Si mizinga tu, hata vitanda na milango hawakumwagiza tena. Mwezi uliopita alihamia kwa dada yake. Alikuja kuniaga, akanishika mkono, akasema, "Nisamehe, ndugu yangu. Nimekuulia nyuki wako." Aliniomba msamaha mimi! Nami nikamjibu, "Yamekwisha." Tangu siku ile kila nikikaa kula nasikia sauti yangu ikisema yamekwisha.

Aliniachia anwani ya dada yake, eti nikipata nyuki wapya nimwite aje kuwaona. Imo ndani ya bahasha hii kwa sababu siwezi kukaa nayo nyumbani. Lakini nakuomba usimwandikie mtu. Mkosaji ni mimi, niache nife nayo.

Baba yako

9 Agosti

Baba yangu,

Shikamoo. Natamani ningekuwa karibu nikupikie hata uji.

Nimeandika barua mbili. Moja kwa ofisi ya karantini, na leo asubuhi nimeituma. Jina langu, tarehe, sufuria, taulo, kila kitu. Nikirudi wanifanye watakavyo, lakini nitarudi.

Ya pili ni ya seremala. Nimemweleza yote mpaka pale mkaguzi alipoingia uwanjani kwako, na hapo nikaweka nukta. Kosa langu nimelimaliza. Yaliyofuata ni yako, na sitayasema kwa niaba yako, wala sitayaficha akiniuliza. Ataniuliza, baba. Si mtu mjinga.

Nakupenda, na hilo halijapungua hata chembe. Anwani nakurudishia humu. Barua ya seremala nitaiposti baada ya wiki mbili, ili wewe utangulie.

Mwanao