Alama ya Chaki Kwenye Mlango Wetu

Jumatatu, 4 Mei

Nimepalilia mahindi hadi jua likawa kali. Nimeoga, nimesali, nimevaa viatu vya kampeni. Viatu vyenyewe ni vile vya kazi ya kutembelea nyumba, na njia ni zile zile. Nikibisha hodi watu wanasahau kwamba nataka kuwa mwakilishi wadi kwenye uchaguzi huu mdogo. Wananionyesha vidonda. Mama mmoja amenipa mtoto nimshike kichwa kama ana joto. Nimemwomba kura nikiwa bado na mtoto mkononi.

Msimamizi alinitoa kwenye kundi letu la simu siku ile niliyochukua karatasi za kugombea. Alisema kazi ya kujitolea ya afya na siasa havikai chungu kimoja. Ni haki. Nyumba zangu amepewa Nekesa, msichana niliyemfundisha mwenyewe. Lakini simu imenyamaza. Zamani ilikuwa inalia mpaka mume wangu, Baba Karanja, ananung'unika. Sasa sijui nani ana mimba, nani amehara, dawa zimefika au la. Nimekuwa kama mtu aliyehamishwa akiwa kwake.

Alama yangu kwenye karatasi ya kura ni ndoo. Baba Karanja anasema afadhali ningechagua kitu kisichovuja.

Alhamisi, 7 Mei

Matanga leo, upande wa chini wa Kiminini. Nimeenda kama jirani, sio kama mgombea. Nimeosha sufuria na akina mama wengine.

Mzee mmoja wa kambi ya mpinzani wangu alipewa nafasi ya kusalimia watu. Alianza na marehemu, akamaliza na mimi. Hakunitaja jina. Alisema, "Mgeni anakaribishwa. Anapewa kiti, anapewa chai. Lakini mgeni hachagui kitanda cha kulalia."

Watu walicheka. Hata mimi nilicheka, na mikono yangu ndani ya maji ya sabuni. Woga pia unajua kucheka.

Mimi nilizaliwa hapa Trans-Nzoia. Baba yangu ndiye alitoka Nyeri, akiwa kijana. Nimezaa hapa, nimezika hapa. Sijui ni kaburi la ngapi linalomfanya mtu asiwe mgeni.

Nimemweleza Baba Karanja. Amekula, amenawa, halafu ameenda dukani akarudi na kufuli mpya.

Jumamosi, 9 Mei

Siku ya soko. Vijana wamekaa juu ya pikipiki wakaimba, "Mama Ndoo, beba ndoo urudi kwenu." Mmoja wao nilimpeleka hospitali Kitale akiwa na malaria, alikuwa amezimia. Aliniona nikimwangalia, akainamisha kichwa. Lakini aliendelea kuimba.

Redio nimeizima. Walinitaja asubuhi kwenye kipindi cha kupiga simu, na sikutaka kusikia mwisho.

Nimekumbuka mwaka ule wa fujo za uchaguzi. Sipendi kuuandika lakini umekaa kifuani tangu matanga. Tulikuwa tunaishi upande wa mlimani. Kulianza na maneno kama haya haya, ya mgeni na mwenyeji, ya kuchekesha. Halafu asubuhi moja tukakuta msalaba wa mkaa kwenye mlango wetu. Tulidhani ni watoto. Nyumba iliungua tukiwa shambani. Tulilala uwanja wa kanisa Kitale hadi mvua ikaanza.

Ninaogopa. Naandika hivyo kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Nje natabasamu.

Jumapili, 10 Mei

Sijaenda kanisani. Mungu anisamehe, hii ni mara ya kwanza bila ugonjwa. Nimempeleka Shiku kwa dada yangu Milka, Kanduyi. Shiku ni mjukuu wangu, ana miaka mitatu, mama yake anafanya kazi Nakuru. Nimemwambia anaenda kuona sungura watatu wa bibi yake, shosho Milka. Ameuliza wanaitwa nani. Nimebuni majina.

Sikumwambia mtu yeyote mtaani kwamba mtoto ameondoka. Nimemtoa alfajiri, kama mwizi.

Jumanne, 12 Mei

Mungu wangu.

Nimerudi kutoka nyumba za juu, nimelowa. Mvua ilikuwa imenyesha ikatulia. Baba Karanja alikuwa kwa ng'ombe, shamba la chini, tangu mchana. Nimetoa ufunguo na kabla sijaufikisha kwenye kufuli nikaona.

Msalaba. Chaki nyeupe kwenye mbao za mlango. Mvua ilikuwa imechuruza sehemu, lakini mikono miwili ya msalaba ilikuwa imebaki, imekatana katikati, wazi kabisa.

Sikuangalia mlango wa jirani. Sikuangalia barabarani. Nimefuta na leso niliyokuwa nimejifunga kichwani, nikasugua mpaka rangi ya mlango ikatoka. Nikaingia, nikafunga, nikakaa chini nyuma ya mlango nimeuegemea.

Safari ile ilikuwa mkaa. Safari hii ni chaki.

Jumatano, 13 Mei

Hakuna aliyelala. Baba Karanja amesema twende polisi. Nitasema nini? Kwamba nimeona chaki? Na nimeshaifuta kwa mkono wangu.

Mama Nafula, jirani, amekuja kwenye ua asubuhi. Tumekaa naye tangu watoto wetu wakiwa wadogo. Ameuliza, "Mama Karanja, kwani Shiku yuko wapi siku hizi?" Nikasema amelala. Akaniangalia. "Amelala tangu Jumapili?"

Kwa nini anahesabu siku za mtoto wangu? Nani amemtuma aulize? Nimemwambia nina kazi nyingi, nikaingia ndani. Sijawahi kumfungia Mama Nafula mlango. Yeye ndiye alinishika siku nilipomzika mama.

Hivi ndivyo woga unavyofanya. Unamvalisha kila mtu uso usio wake.

Ijumaa, 15 Mei

Niko Kanduyi. Nimekimbia. Hakuna jina lingine la jambo hili. Baba Karanja amekataa kutoka, anasema ng'ombe hafungwi kama mzigo.

Simu yake imekuja jioni. Alama imerudi. Mahali pale pale, safari hii kubwa zaidi. Alikuwa ametoka kupeleka maziwa tu. "Kuna na maandishi kando," amesema. "Sikuwa na miwani. Nimefuta yote na mafuta ya taa."

Nimemwambia aje. Amesema, "Nikija hapo, nani atafuta ya tatu?"

Nimekaa jikoni kwa Milka na sikuweza kumenya hata kitunguu. Shiku amenionyesha sungura. Amewapa majina yale niliyobuni.

Jumamosi, 16 Mei

Milka haongei kwa kuzunguka. Yeye ni mdogo wangu lakini ananikemea kama mama. "Wewe ulitaka kiti au ulitaka kaburi? Toka kwenye kura hii, dada. Huko kwenye kiti unaenda kufanya nini usichofanya sasa?"

Nimemjibu. Njia ya kwenda zahanati haipitiki mvua ikinyesha, na nimesaidia mama kuzaa kwenye tope nikamfunika na koti langu. Nimepeleka barua ya zahanati kwenye ofisi za kaunti mpaka nikachoka kusalimiana na walinzi. Nataka kukaa ndani ya chumba kile wanamogawa pesa za barabara. Ni hilo tu.

Milka akasema, "Sawa. Na nyumba ikiungua utakaa chumba gani?"

Nimeamua. Kesho nitarudi Kiminini, nitasimama baada ya ibada niwaambie watu wasinipigie kura. Nitasema ni afya. Presha hata sio uongo.

Mume wa Milka, Mwalimu Barasa, ni mkimya, na ni wa hapa hapa Bungoma, babu zake wamelala nyuma ya nyumba. Alikuwa anasahihisha vitabu vya wanafunzi. Hakuinua kichwa. "Shemeji, ukitoka kesho, mtu yeyote mwenye kipande cha chaki ataongoza hiyo wadi yenu."

Nimekasirika. Mlango ulioandikwa sio wake. Lakini maneno yake yamenifuata kitandani na hayataki kutoka.

Jumapili, 17 Mei

Nilikuwa nimevaa tayari. Mkoba begani. Simu ikalia, nikaona ni Nekesa. Karibu nisishike.

"Mama Karanja, habari ya Jumapili. Pole kukusumbua. Si uniambie Shiku yuko wapi?"

Hata huyu anamtafuta mtoto. Nikauliza unamtakia nini.

"Chanjo, Mama. Ya matone, ya polio. Imekuwa wiki nzima, kaunti yetu tu. Kwani hawakutangaza kanisani? Nimekuja kwako Jumanne, hakuna mtu. Mama Nafula akasema mtoto yuko lakini hajamwona. Nikaweka alama. Nikarudi Ijumaa, nakuta mtu amefuta, nikaweka ingine na tarehe. Jana napita, imefutwa tena. Sasa msimamizi ananiuliza kama ninaandika milango ama ninacheza. Ni nyumba yako pekee imebaki."

Nikasema, "Alama gani, Nekesa?"

"Si ile ya mtoto hakupatikana. Msalaba ndani ya duara. Wewe ndio ulinifundisha, bana."

Nikauliza duara lilikuwa wapi. Akasema alilichora, labda mvua ililifuta.

Nimeketi kwenye kiti cha Milka na mkoba bado begani. Nimecheka mpaka Shiku akaja kuona. Halafu nikalia, na kilio kilikuwa kirefu kuliko kicheko.

Chaki ile nimeishika mimi mwenyewe kampeni ngapi za chanjo. Duara na alama ya vema, mtoto amepata. Duara na msalaba, rudi tena. Mkono wangu unaichora hata nikiwa nimefumba macho. Nimeikuta kwenye mlango wangu nikaona moto. Na mtoto hakupatikana kwa sababu mimi ndiye niliyemficha. Nilimficha kwa woga, alama ikaja kwa sababu ya kumficha, nikaogopa zaidi.

Sikuenda kusimama kanisani. Wakati nimemaliza kulia ibada ilikuwa imeisha. Nimemwambia Mwalimu kwamba sitoki. Amesema, "Haya," akaendelea na chai yake.

Jumatatu, 18 Mei

Tuko nyumbani. Nekesa alikuwa ametuombea siku moja ya ziada kwa msimamizi. Ameketi kwenye kigoda changu na kisanduku cha barafu magotini. Matone mawili. Shiku akauliza kama yana sukari. Nekesa amempaka wino kwenye kidole kidogo, ameenda mlangoni akachora duara na alama ya vema. Baba Karanja alisimama akiangalia. Mafuta ya taa yameacha doa pale. Alama imechorwa juu ya doa.

Nimemwomba Nekesa kitu kimoja. Akikuta nyumba imefungwa, amwachie jirani ujumbe kwanza, kabla ya kuchora. Ameuliza kwa nini. Nimemweleza habari ya mkaa. Yeye alikuwa hajaanza shule wakati ule. Ameitazama ile chaki mkononi mwake kama amepewa kitu cha mtu mwingine.

Nimeenda kwa Mama Nafula na unga wa wimbi. Nimemwambia yote. "Kumbe ulinifungia mlango," amesema. "Nikadhani ni ukubwa wa siasa umekuingia." Tumecheka kidogo. Halafu ameacha kucheka. Amesema yale maneno ya matangani aliyasikia, na hakuyapenda, na hakusema kitu. Nimemwambia hata mimi sikusema.

Kwa hivyo nisijidanganye. Chaki ilikuwa ya Nekesa. Lakini maneno ya matangani yalisemwa kweli. Yule mzee hakuwa anaongea juu ya matone.

Alhamisi, 21 Mei

Nimepiga kura mapema, foleni ikiwa fupi. Kutafuta picha yako kwenye karatasi ni ajabu. Ndoo ilionekana ndogo. Wamenipaka wino wa kura kwenye kidole kidogo.

Vijana wa pikipiki walikuwa langoni. Hawakuimba. Mmoja amenisalimia, "Shosho." Sijui ni salamu tu au kuna jambo. Nimeitika.

Baba Karanja ameweka ndoo za maji mlangoni, zimejaa. Nimeomba Mungu alinde nyumba hii na zile nyumba zote, za walionichagua na za wengine.

Jumamosi, 23 Mei

Nimeshindwa. Nimekuwa wa pili. Aliyeshinda amenipigia simu, ameongea kwa adabu. Nimemwambia habari ya njia ya zahanati kabla hajamaliza kunipa pole. Ameahidi. Nitamkumbusha.

Hakuna kilichoungua. Usiku wa matokeo kulikuwa na honi barabarani, basi. Baba Karanja amemwagia zile ndoo miche ya kabichi.

Sijui kama tungelala hivi kama ningeshinda. Hilo nimemwachia Mungu. Sina nguvu ya kulibeba.

Jioni simu imelia, ikalia tena, ikalia tena. Msimamizi amenirudisha kwenye kundi. Kuna mama wa nyumba za juu ana homa, nani yuko karibu. Nimejibu mimi.

Kabla sijatoka Shiku ameshika mkono wangu, ameweka kidole chake kidogo karibu na changu. Wino wake na wangu. Amesema, "Shosho, na wewe walikupa matone?"

Nimesema ndiyo. Amesema wangu umekolea zaidi kwa sababu mimi ni mkubwa. Nimevaa viatu, nimefunga mlango polepole ili duara la Nekesa lisifutike.