Mawe ya Mvua Yako Kizota

Jumamosi, 12 Novemba 2022
Lameck kaja karakanani kwangu hapa Kizota, viatu vinang'aa. Kaka yangu huyo! Ati ukoo umemchagua kuwa mtemi, anasimikwa Jumapili ya wiki ijayo. Anataka mawe ya mvua, yale babu aliyoyatumia kuombea mvua. Nikazima mashine ya kuchomelea. Baba aliniachia mimi, nikamwambia, kwa sababu mwaka ule wa njaa ni mimi niliyebaki naye kijijini. Akasema mwanamke hawi mtemi. Nani kauomba huo utemi? Mawe sitoi!

Jumapili, 20 Novemba
Nimekwenda, nikasimama nyuma. Lameck kavishwa kitambaa cha madoa ya chui – cha dukani, lebo inaning'inia. Mkuki, picha, pilau. Hotuba ndefu za heshima. Heshima! Babu alipokuwa mtemi aliletewa mbegu aziombee kabla ya watu kupanda, na mvua ikichelewa alifunga mpaka inyeshe. Lawama zote zake. Ndiyo maana alikonda vile. Leo hakuna aliyelitaja hilo. Pilau sikula.

Jumanne, 6 Desemba
Mvua hakuna. Lameck kapiga simu mara nne, anataka mawe. Watu wamemjazia ua, kila mtu na kibuyu cha mbegu, wanamsubiri. Yeye kajifungia ndani. Katuma mtu aseme mtemi yuko semina mjini! Nilicheka, halafu hasira zikanipanda. Nikamwambia mawe nitaleta leo hii, ila atoke, avae kaniki, akae chini nao, afunge. Akasema mambo hayo yamepitwa na wakati. Basi vua hilo vazi la chui, nikamjibu. Nikakata.

Alhamisi, 8 Desemba
Nafika karakana asubuhi – wamekaa mlangoni! Kumi na mmoja, wametoka kijijini na basi la kwanza. Mbele bibi Emiliana, aliyemzika babu, kibuyu mapajani. Shikamoo bibi. Marahaba mjukuu wangu. Anasema Lameck kaondoka tangu jana, hapokei simu. Wanamtaka mwenye mawe.

Nikamwambia mimi ni fundi wa mageti, naimba kwaya, mvua anaijua Mungu. Akasema hayo wanayajua. Hawajaja kunidai mvua. Wamechoka kungoja peke yao.

Nimeingia ndani kuandika haya. Lameck akisikia, asikie! Mteja anapiga simu kuhusu geti lake, nimeizima. Chai na chapati ziko mezani, nimezifunika bila kuzigusa. Mawe yako kwenye sanduku la vifaa, chini ya misumeno. Kupitia mlangoni namwona bibi Emiliana. Kasogeza kibuyu chake pembeni, anapangusa vumbi pale chini, nafasi ya mtu mmoja.