Tulishukuru Kabla Sijapona

Jumapili, mwezi wa saba. Baridi.

Ukungu wa Matogoro umeshuka mpaka mjini na haujaondoka tangu asubuhi. Kwenye kafe hii ya intaneti karibu na stendi tuko watatu tu, na jamaa mwenye kafe amejifunika blanketi kama mgonjwa. Mimi nimevaa sweta mbili za mitumba na najisikia vizuri. Hilo lieleweke mapema, maana nitakayoandika yanaweza kumfanya mtu anionee huruma, na huruma siitaki.

Naitwa Skola, nina miaka ishirini, ni mfungaji wa netiboli. Mfungaji mzuri. Kama nadanganya waulizeni mabeki wa mji huu.

Miezi tisa iliyopita niliruka kuwania mpira nikagonga kichwa kwenye nguzo ya chuma ya goli. Siku nne sikujitambua. Hospitali ya misheni walinipasua kuondoa damu iliyovilia ndani ya kichwa, na nilipoamka mkono wa kushoto ulikuwa kama wa mtu mwingine. Nilijifunza upya kufunga vifungo na kushika kijiko. Nilijifunza haraka, hata manesi walishangaa, na nilipenda sana wakishangaa.

Lakini kijijini kwetu, upande wa Hanga, nilikuwa nimeshakufa.

Ilikuwa hivi. Kutoka uwanjani walinibeba kwa pikapu, nimelazwa nyuma, kinamama wamenizunguka wamejitanda khanga na mmoja ameanza kulia. Watu wa kwetu wakiona pikapu ya namna hiyo hawaulizi, wanavua kofia. Mtu mmoja aliyekuwa anasubiri basi la kijijini alituona, akamtambua mama, akafika kijijini na habari kwamba nimekufa. Jioni vijana walikuwa wameshachimba kaburi. Kesho yake ndipo ikafika habari kwamba bado napumua, na kaburi likishachimbwa haliachwi wazi. Walikata mgomba wakauzika, wakarudishia udongo, wakaenda kunawa.

Kwa hiyo nina kaburi. Fundi baiskeli wa pale Mfaranyaki tunapokaa ni Mhehe, mtani wetu, na tangu hapo hanitaji kwa jina. "Marehemu, umeamkaje? Huko kwenu mnapewa chai?" Mimi nacheka kila siku. Mama hacheki hata kidogo.

Mama alikuwa ameweka nadhiri kwamba nikiinuka atatoa misa ya shukrani, na kwa jinsi lile kaburi lilivyomtisha, hakuweza kungoja. Sijamaliza hata wiki mbili tangu nitoke hospitali, misa ikasomwa. Mbuzi alichinjwa, kwaya iliimba, ndugu walitoka kijijini na magunia ya mahindi. Zubeda, beki wetu, ni Muislamu wa Nakapanya, naye alikuja na dada zake kupika pilau tangu alfajiri. Nilisimamishwa mbele watu wakapiga makofi. Nilishika benchi kwa nguvu, kwa sababu padri alikuwa mmoja na mimi nilikuwa naona wawili.

Sasa niambie, shajara yangu ya mtandaoni. Watu wameshakula mbuzi wa kupona kwako. Unawaambiaje kwamba hujapona?

Mimi sikuwaambia. Miezi saba nimekuwa mzima. Asubuhi nikiamka nashika ukuta mpaka nyumba itulie. Nikichoka, vitu vinakuwa viwili viwili, nafumba jicho moja na kusema vumbi limeniingia. Daktari alisema nirudi kila mwezi. Nilirudi mara moja, halafu nikamwambia mama kwamba daktari amesema inatosha. Huo uongo ni wangu mwenyewe, siwezi kuusukumia misa.

Nilikuwa na sababu. Timu yetu ilikuwa ya shirika la umma, na shirika lilipouzwa, mwekezaji alisema yeye hakununua netiboli. Mpira mmoja na jezi za zamani ndiyo mali tuliyobaki nayo. Mlango uliokuwa wazi ni timu ya mkoa inayokwenda Mbeya, na jana ndiyo ilikuwa siku ya kuchagua wachezaji.

Jana nilicheza vizuri. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Kipindi cha kwanza mkono wa kushoto ulinitii kama zamani, na Mwalimu Haule, kocha wetu aliyepewa kazi ya kuchagua, aliandika jina langu kwenye karatasi yake huku nikimwona. Nilijiambia basi, imekwisha, nakwenda Mbeya.

Kipindi cha pili nilichoka. Mpira ulirushwa juu, nikaona miwili. Nikachagua mmoja, nikaruka kwa nguvu zangu zote.

Nilichagua ule usiokuwepo.

Nilimpiga kwa bega Zubeda, aliyekuwa amepangwa upande wa pili kunikaba, akarushwa kinyumenyume na kuanguka chali. Kichwa chake kilipita nguzo kwa upana wa kiganja. Nilipima jana hiyohiyo, kwa kiganja changu, alama ilikuwepo kwenye vumbi.

Uwanja mzima ulinikimbilia mimi. Mimi niliyekuwa nimesimama! Wengine walinishika kichwa, wengine walinipepea kwa khanga kwenye baridi ile. Hakuna aliyemwangalia Zubeda. Alijiinua mwenyewe, kiwiko kinatoka damu, akapenya katikati ya watu akaniuliza, "Pole Skola, hujaumia kichwa?"

Nimeona aibu maishani, lakini ile ya jana sina pa kuiweka.

Nilimwambia Mwalimu Haule nina neno, tukasogea pembeni. Nilimwambia yote, kizunguzungu, mipira miwili, daktari. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo, Mwalimu."

"Na ile misa tuliyokula?"

"Ile ilikuwa ya mama."

Alikata jina langu kwa mstari mmoja ulionyooka. Hakunikaripia, na afadhali angenikaripia. Alisema mpaka daktari aandike kwa mkono wake, mpira siugusi, na kwamba akinikuta uwanjani kabla ya hapo atanitoa kwa fimbo pamoja na miaka yangu ishirini. Nililia kidogo. Halafu nikaenda kumfunga Zubeda kiwiko na kumwambia na yeye. Hakuniambia kwamba si kitu. Alisema, "Ungeniua," kisha akaninyooshea kiwiko nimalizie kufunga.

Nyumbani mama alikuwa anachambua maharage. Nilisema nikiwa nimesimama, maana ningekaa ningeahirisha. Nilitegemea apige kelele, au akimbie kwa padri, au aanze habari za kaburi. Aliendelea kuchambua. Baadaye akasema, bila kuinua macho, "Kila asubuhi nakusikia unavyopapasa ukuta."

Alijua. Miezi saba yote alijua, na alinyamaza kwa hofu ileile niliyokuwa nayo, kwamba tukisema bado naumwa, ni kama tumemrudishia Mungu zawadi yake mbele ya watu. Tulikuwa tunafichana kitu kimoja katika nyumba ya vyumba viwili. Nilimkasirikia, nikajikasirikia na mimi, kisha njaa ikatuuma, tukala ugali na dagaa wa Nyasa.

Nitacheza tena. Sisemi kwa kujipa moyo. Kipindi cha kwanza cha jana nimekiona kwa macho yangu, na mkono ule ni wangu. Safari hii sitahatarisha kichwa cha mtu mwingine ili nionekane nimepona. Mbeya watakwenda bila mimi na watafungwa, na nitafurahi kidogo, halafu nitatubu.

Jambo moja la mwisho, kabla jamaa wa kafe hajanifukuza. Tangu ile misa nimekuwa nikiteka maji kila asubuhi, ndoo mbili, moja baada ya nyingine, kichwani, kichwa hikihiki kilichopasuliwa, kwa sababu msichana aliyepona huteka maji. Leo nimeamka nikazitafuta ndoo nikazikosa. Nimetoka nje, nikamwona mama anapandisha njia kwenye ukungu, ndoo kichwani, miguu imelowa mpaka magotini. Nimekwenda kumpokea, akakataa.

"Kalale," akasema. "Wewe mgonjwa."

Nimerudi nikalala mpaka saa tatu. Kesho tunakwenda hospitali, mimi na yeye.