Usirudi Ijumaa, Bibi

Bibi yangu wa Kipungani,

Jana kwenye simu uliniambia, "Ijumaa narudi. Mato yangu hayana tena hata chozi," nami nikajibu, "Sawa, Bibi." Si sawa. Nimekaa darasani tangu asubuhi na sijui mwalimu amefundisha nini. Mdomo wangu unaujua, huchelewa. Kwa hiyo naandika. Nitaipiga picha barua hii nimtumie Shangazi huko Mombasa akusomee kwa sauti, na aliye chumbani naye asikie.

Wakumbuka jirani yetu Bi Rehema alivyokununia? "Bi Zena siku hizi ana kibri! Nampa salamu, hata hageuki!" Nawe ukaniuliza, "Kwani alipita lini?" Hukumwona. Ndipo tulipojua kwamba presha ya macho ilikuwa imekula kando zote, ukabaki kuona mbele tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo.

Jicho la kulia ndilo lililopasuliwa kwanza. Daktari alifungua njia ndogo ya kutolea maji, akataka turudi kukaguliwa. Siku ilipofika nilikumulika kwa tochi ya simu. Jicho lilikuwa jeupe, limetulia. Nikasema, "Limefunga vizuri, Bibi, umepona." Ukapiga kigelegele, na boti hatukupanda. Bibi, kufunga kule ndiko kulikoharibu. Kovu liliziba ile njia, maji yakajaa tena, jicho likazima. Aliyesema umepona ni mimi. Sijawahi kulitamka hili kwa mtu.

Sasa limebaki la kushoto, nalo limepasuliwa huko Mombasa. Sindano unazodungwa kando yake ni za dawa ya kuzuia kovu, na bado mbili. Najua zinachoma. Najua pia ulivyomcheka daktari: "Watu gani hawa! Donda lataka kufunga, wao wasema lisifunge!" Nilicheka nawe. Leo sicheki. Kukauka chozi si kupona.

Ni wewe uliyenitoga masikio nilipokuwa na miaka sita. Ulitia vijiti vya chelewa, uti wa jani la mnazi, kila asubuhi ukavizungusha kwa mafuta ya nazi huku nikilia. Siku moja nilikichomoa cha kushoto nikakitupa nyuma ya birika, nikafurahi kwamba hakiumi tena. Tundu likaziba. Ulipolishika sikio hukunipiga. Ulisema, "Hili si donda, mjukuu wangu. Likifunga, tumeharibikiwa." Ukanitoga upya.

Mkeka unaoharakia kuusukia harusi ya dada Fatuma utangoja. Ukili nitausuka mimi, na ukienda upande utakuja kuufumua. Ukinichukia kwa lile la tochi, nichukie ukiwa unaniona.

Siku ile, ulipotia kijiti mara ya pili, uliniambia, "Usikitoe mpaka niseme mimi." Sikukitoa.

Usirudi, Bibi, mpaka daktari aseme.

Mjukuu wako,
mwenye masikio mawili uliyoyatoga mara tatu