Uzuri wa Mchezo wa Nyamal

Alhamisi, 5 Desemba 2013

Nimechota maji, nimefua sare, nimemaliza hesabu. Jenereta ya shule ilizima tena saa nne na Nyamal akapoteza kazi ya asubuhi nzima. Mwalimu Opio anataka kuwahi kwao Gulu kwa Krismasi, kwa hiyo maonyesho ya chama cha kompyuta yatafanyika mapema. Tuliahidiwa mwezi. Sasa ni siku nane.

Nyamal anatengeneza mchezo. Msichana anatoka Jebel, mtaa wa kina Nyamal, na jerikeni tupu, anavuka mji mzima mpaka mtoni. Njiani kuna mashimo, mbwa na vizuizi vya askari. Mimi nimepangiwa kuucheza, niandike kasoro zake na uzuri wake, kisha nisome mbele ya wote.

Tunajuana tangu Nakuru. Familia zetu zilirudi hapa Juba mwaka wa uhuru, na sote wawili Kiarabu cha Juba kilitushinda mwanzoni. Sina rafiki mwingine hapa.

Jumatatu, 9 Desemba

Nimecheza mara kumi na moja. Haujaiva. Mbuzi anapenya ukuta na kutokea upande wa pili. Ukianguka shimoni hutoki, unaanza upya kutoka nyumbani. Wauzaji wote wa sokoni wana uso mmoja. Mto unakatika ghafla, halafu ni weupe mtupu.

Nyamal hali chakula cha mchana siku hizi. Macho mekundu. Nilimwambia apumzike.

“Nitapumzika Krismasi. Wewe andika ukweli tu, Poni, usinibembeleze.”

Nitaandika ukweli.

Jumatano, 11 Desemba

Ukurasa mmoja wa kasoro, mmoja wa uzuri. Madam wetu wa Nakuru alitufundisha kuanza na baya na kumaliza na jema, ili mtu aende nyumbani na jema. Nimepanga hivyo. Nimeridhika.

Ijumaa, 13 Desemba

Nimefanya jambo baya.

“Poni, wewe iko na dakika tano,” Mwalimu Opio alisema kwenye maonyesho. Nilisoma kasoro. Nilisoma polepole, kwa sauti nzuri, kama nilivyofundishwa. Nilipofika kwa mbuzi darasa lilivunjika mbavu. Mmoja alilia kama mbuzi. Mwingine akapaza sauti, “Nyamal, mbuzi yako iko na visa ya ukuta!” Nilicheka. Mimi pia nilicheka.

Nilipofungua ukurasa wa pili mwalimu mkuu aliingia. “Khalas, inatosha, tusimame kwa maombi ya kufunga.” Basi. Uzuri ulibaki mkononi mwangu.

Nilimkimbilia Nyamal langoni. Nilimwambia kuna ukurasa mwingine.

“Sawa tu. Nimesikia,” alisema. Akapanda boda.

Jumamosi, 14 Desemba

Nimepiga simu mara nne. Hapokei. Kesho ni kanisa. Jumatatu nitakwenda kwao Jebel nimsomee, hata kama ni mlangoni.

Jumatatu, 16 Desemba

Milio ya silaha tangu jana usiku. Mizito, na ile midogo ya haraka. Tumelala sakafuni. Baba ameegemeza magodoro dirishani. Mtandao umekufa.

Sikwenda.

Jumatano, 18 Desemba

Jirani yetu Mama Akello, muuza chapati, anafunga mizigo arudi Uganda. Alikuja kuaga. Anasema askari wanapigana wao kwa wao, na watu wanagongewa milango na kuulizwa lugha yao. Watu wa kabila la kina Nyamal wanakimbilia kambi ya walinda amani. “Omba tu, mtoto wangu,” aliniambia. Naomba.

Nimenakili ukurasa wa pili kwa mwandiko safi:

Msichana anatembea kama mtu anayebeba maji kweli, shingo imetulia, mkono mmoja unayumba. Mvua ikipiga mabati unaisikia vizuri. Nyamal aliirekodi kwao kwa simu. Hakuna bunduki ya kuokota. Ukifika kizuizini unamsalimu askari kwa lugha yoyote kati ya nne, naye anakufungulia. Hakuna salamu isiyo sahihi.

Haya yote niliyaona kabla ya kasoro. Ningeweza kuanza nayo.

Jumapili, 22 Desemba

Mtandao umerudi. Simu ya Nyamal imezimwa. Ya mama yake pia. Mama hataki nitaje Jebel mezani. Najichukia.

Jumapili, 12 Januari 2014

Baba alinipeleka kambini baada ya ibada. Turubai, tope, foleni za maji. Tuliuliza sana. Tulimkuta mama yake Nyamal amekaa juu ya begi la nguo.

Alinishika mikono yote miwili. Akanieleza kwa Kiswahili chetu cha Nakuru, taratibu, kama anayeogopa kunivunja. Nyamal na baba yake walisimamishwa na askari barabarani, ile Jumatatu asubuhi, wakaulizwa lugha yao. Walikuwa wametangulia. Yeye alikuwa nyuma, amemshika bibi mkono. Aliona wote wawili wakipigwa risasi.

Nilitoa karatasi zote mbili na kumweleza ilivyokuwa siku ya maonyesho, hata kicheko changu.

“Soma,” alisema.

Nilisoma uzuri. Alisikiliza amefumba macho. Nilipofika kwa askari aliinua kiganja, nikanyamaza. Baadaye akasema, “Endelea.”

Nilipomaliza aliuliza, “Na kasoro?”

“Si lazima, Mama.”

“Soma, mwanangu. Ni kazi yake hiyo.”

Nilisoma zote. Sauti yangu ilikuwa mbaya. Hakucheka wala kulia.

“Alizijua,” alisema. “Alikuwa akiniambia kila jioni. Hakupewa muda tu. Angepewa muda angezitengeneza.”

Nilisema ndiyo, angezitengeneza.

Aliomba karatasi zote mbili. Alizikunja pamoja, akazitia kwenye mfuko wa plastiki wenye vyeti vyao. Kisha akaniuliza kama nimekula.