Kisigino cha Baba

Nyumbani, chumba cha uani,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini wewe na wifi hamjambo, na mgongo wako umepoa. Sisi tu wazima, ila Mama anakohoa kidogo.

Nakuandikia habari za mguu wa Baba kwa urefu, maana kwenye simu uliambiwa vipandevipande.

Alikanyaga sindano ya cherehani hukohuko kazini. Sukari imemtia ganzi nyayoni, hivyo hakusikia kitu, akaendelea kushona siku nne. Tulipomvua soksi, kisigino kilikuwa kinanuka.

Kidonda kikagoma kufunga miezi miwili. Muuguzi wa vidonda, ambaye wodi nzima humwita Mama Pamba, alinieleza sababu. Chembe nyeupe za damu hufika kwanza kuua vijidudu na kula nyama iliyokufa. Kazi hiyo ikiisha, baadhi yake hubadilika, zikaanza kuchochea nyama na mishipa mipya. Za Baba hazikubadilika. Kwa sababu ya sukari zilibaki vitani, zikaunguza hata nyama nzima.

"Hazijalala," alisema. "Zimeshindwa kuacha ugomvi."

Nikamwambia basi hizo ni za ukoo wetu kabisa.

Kisha homa ikampanda Baba, akawa anaweweseka. Daktari akasema mguu ukatwe chini ya goti. Wewe ulikuwa hupatikani, Mama analia tu. Nikatia sahihi karatasi ya kukubali.

Akapangiwa siku ya nne. Wakati wa kungoja walimkwangua nyama iliyooza, wakashusha sukari, wakampiga sindano za kuua vijidudu. Asubuhi ya kukatwa, Mama Pamba alifungua bandeji, akamwita daktari. Ukingoni palikuwa na nyama changa, nyekundu, inayong'aa. Daktari aliinama akaitazama kitambo.

"Tungoje," akasema.

Tulingoja wiki tisa. Kidonda kimefunga, limebaki kovu tu.

Juzi Baba aliikuta ile karatasi kwenye bahasha ya hospitali.

"Sahihi ya nani hii?"

"Yangu, Baba."

Akaisoma yote, akaikunja.

"Nimekukasirikia," akasema. "Ila ningekufa, ningekasirika zaidi."

Tangu siku hiyo, kila asubuhi hunyoosha miguu yote miwili na kuniita nimkague nyayo. Hamwiti mtu mwingine.

Mama na Shangazi wanakusalimu sana. Nibusie wifi na mapacha. Mungu akufunike huko uliko.

Wa tumbo moja nawe, akupendaye,
Kitinda mimba.