Tope la Pale Wanapoanika Dagaa

Jumanne, Katubuka

Na umeme ukakatika tena, mashine ya maabara ya kutikisa chupa za sampuli ikasimama katikati. Kesho naanza upya. Nimechoka hoi.

Tope la ufukweni Ujiji tunalipima madini ya risasi kwa hatua: kwanza asidi hafifu, kama siki au ndimu tu, na kali kabisa mwishoni. Risasi inayong'ang'ania hadi mwisho hainisumbui sana. Naogopa inayoachia mapema, maana hiyo huingia kirahisi majini na mwilini. Wiki iliyopita karibu yote iliachia kwenye siki. Leo nilikuwa narudia, labda nilikosea...

Mama Zaina, anayeanika dagaa palepale mchangani, jioni aliniuliza kama pale pana sumu. Nikamjibu bado tunapima.

Akanifungia dagaa. "Wakamulie ndimu, mwanangu."

Nimewaosha, nikawaosha tena. Ndimu sijaikata.